Ua la maharage lisilopasuka: mwongozo wa darasa la wagashi mjini Kyoto

Ua langu la kwanza la donge tamu la maharage lilipasuka kabla sijamaliza kulichora. Lilikuwa kiku, yaani krisanthemu, lile ua ambalo nembo yake ya petali 16 ni muhuri wa ufalme wa Japani. Langu lilifika petali tisa, likafanya ufa kutoka juu hadi chini kama tope lililokaukia juani. Mwalimu hakunikosoa. Alichukua kitambaa kidogo cheupe kilichokuwa mbele yangu tangu mwanzo, akakilowesha upya, akakikamua, akakirudisha karibu na mkono wangu wa kulia. Mimi nilikuwa nimedhani ni cha kufutia meza.

Tangu siku ile nimerudi kwenye madarasa ya namna hiyo mara kadhaa, nyingine nikiwasindikiza wageni kutoka nyumbani wanaopita Osaka ninakoishi. Kila mara nawaona watu wazima, tena wapishi hodari, wakipasua maua kwa sababu ile ile. Kwa hiyo katika mwongozo huu nitarudia jambo moja hadi likuchoshe: unyevu. Unyevu wa kiganja, wa kitambaa, wa hewa ya chumbani, wa donge lenyewe. Mengine mwalimu atakuonyesha.

Unachokwenda kutengeneza

Wagashi ni vitamu vya Kijapani. Neno hilo lilishika katika enzi ya Meiji (1868–1912), keki na biskuti za Ulaya zilipoingia ikabidi vya kwao vipate jina la kuvitofautisha. Wajapani huvipanga kwa kiasi cha maji yaliyomo: chenye maji asilimia 30 au zaidi ni namagashi, yaani kibichi, asilimia 10 kushuka chini ni higashi, kikavu, na katikati kuna kundi lao. Unaona sasa kwamba habari ya unyevu sikuizua mimi.

Darasani mara nyingi utatengeneza namagashi viwili au vitatu na higashi kimoja. Namagashi hivyo hufinyangwa kwa nerikiri, na hapo ndipo wengi wetu hupotea, kwa sababu mkono ukigusa kitu laini chenye umbo la donge, akili inasema: unga wa chapati. Si unga. Nerikiri ni anko nyeupe, yaani maharage meupe yaliyopikwa, yakachujwa maganda na kusongwa na sukari, kisha yakachanganywa na gyuhi, ambayo ni ute mzito wa unga wa mchele wa kunata. Imeshaiva. Haihitaji kukandwa kwa nguvu, haivutiki, haiumuki, wala haitaingia motoni tena. Ukitafuta mfano wake jikoni kwetu, kumbuka viazi vilivyopondwa vya katlesi, vile unavyovitandaza kiganjani, ukaweka nyama ya kusaga katikati na kufunika. Mkono wa katlesi ndio utakaokuokoa Kyoto. Wa chapati uache nyumbani.

Kyoto wana pia donge lao liitwalo konashi: anko nyeupe huchanganywa na unga wa ngano, hupikwa kwa mvuke, kisha hukandwa. Linafinyangika vizuri zaidi kuliko nerikiri na halipasuki upesi. Kama ngano inakudhuru, uliza ni lipi litatumika siku hiyo.

Ndani ya donge huwekwa kiini cha anko nyingine, aghalabu ya azuki, maharage madogo mekundu. Azuki ni ndugu wa kunde na choroko, jenasi moja kabisa ya Vigna, na sehemu kubwa ya zinazolimwa Japani hutoka Hokkaido, kaskazini. Shangazi yangu nilipomweleza kwa simu alinyamaza kidogo, akauliza, "Mwanangu, yaani kunde na sukari?" Nikamjibu ndiyo, shangazi. Akasema ataniombea.

Kuna sababu ya maharage kushika nafasi hiyo. Manju, mkate mdogo wa mvuke wenye kitu ndani, uliletwa kutoka China ukiwa na nyama. Simulizi inayojulikana sana Japani ni ya Mchina aliyefika Nara katika karne ya 14 pamoja na watawa wa Kibudha. Watawa hawakula nyama, naye akaweka maharage matamu mahali pake. Yokan, ule mche mzito wa anko unaokatwa vipande kama halua, bado unaandikwa kwa herufi zenye maana ya mchuzi wa kondoo, ingawa ndani hamna hata harufu ya kondoo.

Kabla ya kulipa

Chagua mwezi kwanza, darasa baadaye. Wagashi hufuata majira kwa ukali: maua ya cheri yanapochanua, maua ya ajisai (haidrenjia) wakati wa mvua za Juni, majani mekundu ya mti wa maple Novemba, kamelia baridi ikiingia. Hutapewa ua la cheri mwezi wa Oktoba hata ukiomba kwa magoti. Mimi nawashauri watu Septemba, ijapokuwa joto la Kyoto bado ni kali, kwa sababu ya kitamu kimoja kiitwacho kisewata, ambacho ndicho nitakachokitumia hapa kama mfano. Tarehe 9 ya mwezi wa tisa ni sikukuu ya kiku. Zamani watu wa ikulu walifunika maua hayo kwa pamba usiku wa kuamkia siku hiyo, pamba ikanyonya umande na harufu ya ua, na asubuhi wakajifutia mwilini wakitumaini maisha marefu. Kitamu chake ni ua la kiku la rangi ya waridi lenye kishungi cheupe juu, ndiyo ile pamba.

Kuhusu bei, tarajia yeni elfu tatu na kitu hadi elfu tano kwa mtu mmoja, kwa muda wa saa moja hadi moja na nusu, pamoja na chai. Maduka ya kale kama Kanshundo, lililoanza mwaka 1865, yana madarasa ya kundi ambayo wenyeji na wageni hukaa pamoja. Yapo pia madarasa madogo majumbani. La kundi ni rahisi na lina mwendo wa haraka. La nyumbani mwalimu anaona mikono yako. Kama hujui Kijapani, uliza kabla kama kuna maelezo kwa lugha unayoielewa, ingawa nakuhakikishia macho yatafanya kazi kuliko masikio.

Fika mapema. Dakika kumi kabla ya saa si adabu tu, ni lazima. Madonge yamekwisha kugawiwa na kufunikwa, na kila dakika wanayokungoja yanakauka. Mahali pengine ukichelewa hupokelewi, na pesa hairudi.

Kwa Waislamu, na kwa yeyote anayechagua chakula: nerikiri ya asili ina maharage, sukari na unga wa mchele, basi. Kinachogandisha vitamu vya kuangaza vya kiangazi ni agaraga ya mwani, ile tunayogandishia faluda, si jelatini. Mambo mawili ndiyo ya kuuliza. Kwanza pombe, kwa kuwa kuna manju zinazoumuliwa kwa sake: "Osake haitte imasu ka?" ni sentensi inayotosha. Pili rangi nyekundu, kwa kuwa baadhi ya rangi hizo hutokana na mdudu aitwaye kochinili. Uliza wakati wa kuweka nafasi, usingoje donge la waridi liwe mkononi.

Asubuhi yenyewe

Kata kucha. Vua pete, saa na bangili. Usipake losheni wala manukato, maana maharage hunyonya harufu vibaya mno. Niliwahi kula ua lenye ladha ya udi wa jirani yangu. Hina iliyokwisha kukauka haina neno. Wenye buibui au mikono mipana, beba bendi ya mpira ya kubania mkono kwenye kiwiko. Aproni mara nyingi wanatoa wao.

Kunywa maji, kula kidogo. Utakula vitamu viwili papo hapo na kila kimoja kina gramu 45 hivi, na sukari yake si haba. Mwenye kisukari ale kimoja na cha pili akibebe.

Hatua ya 1: Itambue meza

Mbele yako kutakuwa na sahani au trei yenye madonge ya rangi, viini vya anko vilivyoviringwa tayari, kitambaa kilicholowa, kijiti cha pembe tatu, chekeche dogo na vijiti vyembamba vya kulia. Usianze kugusa madonge. Anza na kitambaa.

Kikunjue, kikamue tena wewe mwenyewe. Kitambaa sahihi ukikibonyeza hakitoi tone, lakini kiganja kinabaki na ubaridi. Kikitoa maji, maji yatazidi unga kweli kweli: donge litateleza, rangi itatoka na kupaka kila kitu. Kikiwa kikavu, hakina kazi. Kiweke upande wa mkono unaoutumia zaidi, na tangu hapo kila unapomaliza kitendo kimoja, futa viganja na ncha za vidole juu yake. Iwe mazoea kama ya mshonaji anayelamba uzi.

Halafu angalia kiyoyozi kiko wapi. Mwezi wa Septemba kitakuwa kinavuma. Kama kinakupulizia moja kwa moja, omba uhame kiti, au angalau funika madonge ambayo zamu yake haijafika.

Kijiti cha pembe tatu kina makali matatu yasiyofanana: moja kali linalochora mstari mmoja mwembamba, moja butu la mfereji mpana, na moja lenye mfuo ulioligawa, linalochora mistari miwili sambamba. Vijiti vingine vina ncha yenye duara la mistari, kwa kupigia kiini cha ua. Kizungushe mkononi mpaka ujue lipi ni lipi bila kutazama.

Hatua ya 2: Rangi inayochungulia

Kisewata nzuri haina rangi moja. Waridi hutokea kwa ndani na kufifia kuelekea nje, na watu hudhani imepuliziwa. Siri ni unene.

Chukua donge jeupe la gramu 20 hivi, ulibonyeze liwe duara. Katikati fanya shimo kwa kidole gumba. Weka humo donge dogo la waridi, ukubwa wa punje ya mahindi mbili au tatu, kisha ulisawazishe pamoja na jeupe. Ukigeuza, upande wa nje ni mweupe mtupu, lakini pale katikati ngozi nyeupe ni nyembamba na waridi inachungulia. Ukitaka ichungulie zaidi, ponda zaidi. Hapa usiwe na choyo wala papara: ukiiponda kupita kiasi waridi inatoboa, na hakuna kiraka.

Walimu wengine hutumia donge la waridi kwa nje na jeupe kwa ndani. Fuata la mwalimu wako.

Hatua ya 3: Kufunika, ambako darasa zima liko

Hapa nitakaa, kwa sababu mengine yote ni mapambo.

Futa viganja. Bonyeza donge mpaka liwe duara la upana wa sentimita sita, katikati pakiwa panene kidogo kuliko kingo. Watu wengi hufanya kinyume, wakaacha kingo nene, na mwishoni wanafunga kifundo kikubwa chini ya ua kama kitovu. Kingo ndizo zitakazokusanyika pamoja, kwa hiyo zianze nyembamba.

Laza duara kwenye kiganja cha kushoto (wa mkono wa kushoto wageuze maneno yangu). Weka kiini cha anko katikati. Sasa kunja kiganja kidogo kama unachota maji, na kwa ncha za vidole vya kulia sukuma kiini chini polepole huku mkono wa kushoto ukizungusha mpira mwendo wa saa. Kila mzunguko ngozi inapanda milimita chache. Usiivute. Ukiivuta inapasuka, maana haina mvutano wa unga wa ngano. Kazi yako ni kukibonyeza kiini ili ngozi ipande yenyewe. Nikifika hapa ndipo nawaambia wageni wangu: katlesi, katlesi.

Ngozi ikifika robo tatu, badilisha. Tengeneza pete kwa kidole gumba na cha shahada, ipitishe juu ya mdomo uliobaki, na izungushe huku ukiubana kidogo kidogo. Mdomo utajifunga. Kitobo kidogo kikibaki, kifunike kwa kubana, usikisugue. Geuza, upande uliofungwa ukae chini.

Viringisha sasa kati ya viganja viwili, mara tano au sita, kwa uzito wa yai bichi. Ukiona mikwaruzo midogo juu ya ngozi, hiyo ni salamu ya kwanza ya ukavu: gusa kitambaa, viringisha tena mara mbili, itajifuta. Ukingoja iwe ufa, umechelewa. Mwendo wote huu usichukue zaidi ya dakika tatu. Joto la kiganja hufanya kazi mbili mbaya kwa pamoja, hukausha ngozi na kulainisha kiini, na mtu anayelirembaremba donge kwa dakika kumi ili liwe duara kamili hupata duara kamili lenye nyufa.

Hatua ya 4: Kuchora kiku

Bonyeza mpira kidogo juu, uwe kama ndimu iliyokaliwa. Kwa ncha ya kijiti weka nukta katikati.

Usichore petali kwa kufuatana. Hilo ndilo lililoniacha na petali tisa za upande mmoja zikiwa nono na za upande wa pili nyembamba kama mkeka. Gawanya kama unavyomenya na kugawa chungwa: mstari wa kwanza kutoka nukta kushuka mpaka chini, wa pili ng'ambo yake, umepata nusu. Kata nusu kwa nusu, umepata robo nne. Ndani ya kila robo weka mistari miwili, na petali 12 zimekaa. Tumia kali lile la mstari mmoja, ulilaze ubavuni mwa mpira na kulibonyeza lote kwa pamoja kutoka chini kupanda juu. Usilikokote kama kisu, litachana.

Futa kijiti kwenye kitambaa baada ya kila mistari miwili au mitatu. Chembe iliyoganda juu yake itakwaruza petali inayofuata.

Kisha kwa ncha ya kidole, kikiwa na unyevu, gusa mwisho wa kila petali ili iingie ndani kidogo. Mguso mmoja unatosha. Ukiona ua linapendeza, liache! Wajapani wanaotengeneza vitamu hivi hawakusudii ua la kudanganya nyuki. Wanataka dokezo ambalo mlaji atalimaliza mwenyewe, na jina analotajiwa humsaidia. Binafsi naona vitamu vya kuiga kila mshipa wa jani, vinavyosambaa sana mitandaoni siku hizi, vinachosha kabla hujavila.

Mwisho ni pamba. Sukuma kidonge cheupe kupitia chekeche la matundu madogo, mara moja, wima, bila kusugua. Kitatoka kishungi cha nyuzi fupi. Kiinue kwa ncha za vijiti na kukitua juu ya ua, upande kidogo. Usikigandamize, kitajishika chenyewe.

Hatua ya 5: Kintoni

Hiki ni rahisi na ndicho watoto hukipenda. Kiini cha anko kinabaki uchi. Donge la rangi mbili au tatu, tuseme kijani, manjano na chungwa kwa mlima wa vuli, husukumwa kupitia chekeche la matundu makubwa ili kutoa nyuzi nene. Unazibandika kwenye kiini kwa vijiti, ukianzia chini kuzunguka, kisha ubavuni, na juu mwishoni. Anayeanzia juu hukuta hana pa kushika. Nyuzi hukauka haraka kuliko donge, kwa hiyo sukuma kidogo kidogo, si zote kwa mpigo.

Hatua ya 6: Kikavu

Higashi huchukua dakika tano. Sukari laini, na bora zaidi ni wasanbon ya Kagawa na Tokushima kisiwani Shikoku, huloweshwa kwa matone machache, ikashindiliwa kwenye kibao kilichochongwa maumbo na kupinduliwa. Kipimo: ifumbe ngumini, ikae donge; ligonge kwa kidole, livunjike. Isipokaa, ongeza tone. Isipovunjika, utaibandua kibaoni kwa machozi.

Chai, na kula

Usiviweke vitamu kando ukasubiri kupiga picha hamsini. Piga mbili, kisha kaa.

Utaletewa kijiti kidogo cha mti wa kuromoji, chenye gome upande mmoja. Kata ua katikati kwa kijiti hicho. Tazama ndani kama kiini kimekaa sawa, hapo ndipo utajijua. Kata tena, kula kwa vipande vitatu au vinne. Kitamu huliwa chote kabla ya chai, hakitafunwi na kusukumwa kwa chai kama mandazi. Utamu ukishatanda kinywani ndipo matcha, chai ya kijani ya unga, inapoingia na uchungu wake, na hapo kwa mara ya kwanza utaelewa kwa nini sukari ilikuwa nyingi vile. Nimewaona watu wakilalamika kwamba wagashi ni tamu mno, kumbe wamezila bila chai.

Ukipewa kuipiga matcha mwenyewe: gramu mbili za unga, mililita 70 za maji ya nyuzi 80 hivi, na mchapo wa mwanzi unaokwenda mbele na nyuma kwa haraka bila kugusa chini ya bakuli. Bakuli lizungushe kidogo kabla ya kunywa ili usinywee upande wa mbele uliopambwa.

Kuvibeba

Utapewa boksi. Namagashi huliwa siku ile ile. Watu hukimbilia kuviweka kwenye friji, na friji ndiyo kikausha donge kikubwa kuliko kiyoyozi. Kama huwezi kuvila leo, vifunge kimoja kimoja kwa plastiki, vigandishe kwenye friza, na viache viyeyuke vikiwa bado vimefungwa. Usipande navyo kwenye ndege kwenda Nairobi au Dar. Higashi ndicho cha kubeba, kinakaa wiki kadhaa.

Ukitaka kurudia nyumbani

Inawezekana, na maharage meupe ya sokoni kwetu yanafaa. Loweka gramu 250 usiku kucha. Asubuhi menya maganda, ukibonyeza yanatoka. Chemsha, mwaga maji ya kwanza, weka mengine, na pika mpaka harage lipondeke kati ya vidole viwili bila chembe ngumu. Maharage haya hayaliwi nusu mbichi, yanadhuru tumbo, kwa hiyo usifupishe.

Yapitishe kwenye chekeche yakiwa bado na moto. Usitie kwenye blenda: wanga wa harage umefungwa ndani ya chembe zake, na visu vikizipasua unapata gundi badala ya anko. Kilichopita kwenye chekeche kimwagie maji mengi, koroga, ngoja dakika ishirini kitue, mwaga maji ya juu. Rudia mpaka maji yawe meupe kidogo tu. Kisha kamua kwa kitambaa kama unavyokamua tui, mpaka kibaki kitu cha kuvunjikavunjika.

Kipime. Sukari iwe nusu hadi asilimia 60 ya uzito huo. Weka sufuriani na maji kidogo, songa kwa moto wa wastani bila kuacha, kama anayepika halua, mpaka mwiko ukipita uonekane mstari wa sufuria na kijiko ukikidondosha kisimame kama kilima kisichoporomoka. Kitandaze vipande vipande kipoe.

Kwa gramu 300 za anko hiyo, koroga gramu 10 za unga wa mchele wa kunata na gramu 20 za maji, ongeza gramu 20 za sukari, pika kwenye moto mdogo mpaka iangaze na kuvutika. Huo wa vitumbua hautafaa, haunati. Tafuta kwenye maduka ya vyakula vya Asia. Pasha anko tena mpaka ukiigusa kwa nyuma ya mkono isinate, changanya na gyuhi hiyo, kisha imwage juu ya kitambaa kilicholowa. Inyofoe vipande vidogo, viache vitoe mvuke, vikusanye, kanda kwa kitambaa, nyofoa tena. Mara tatu. Kila mara itakuwa nyeupe na laini zaidi, na ukiruka hatua hii ndipo utapata donge zuri kwa macho linalopasuka kwenye kiganja.

Rangi itie kwa ncha ya kijiti cha meno. Matcha inatoa kijani, unga wa viazi vitamu vya zambarau unatoa zambarau. Binzari usijaribu, ua litanukia pilau.

Kitambaa cha kukamulia na kukandia kiwe cha pamba, kilichofuliwa kwa maji matupu. Mimi natumia kipande cha kanga kuukuu kilichokwisha kuchuja rangi miaka mingi, na bado nakichemsha kwanza, kwa sababu mara moja nilikitumia kikiwa na harufu ya sabuni na gramu mia nane za anko zikaenda jalalani.